Anti, mke wangu haamini kwamba ninachofuata uwanjani ni mpira

Anti, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 37, fundi wa madirisha na milango ya alumini, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nina mke na watoto wawili. Mkubwa ni binti wa miaka 11, mdogo ana miaka minne. Mke wangu ana genge la mboga na matunda hapo nje ya nyumba. Tumeoana miaka kumi na miwili na hatujawahi kufikishana kwa wazee.

Simba nimeirithi kwa baba. Miaka yote nimekuwa mtu wa kibanda umiza, mechi tatu kwa wiki, shilingi 1,000 kila mechi, na mke wangu hajawahi kunung'unika. Julai 2025 pale kibandani waliweka mechi ya Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, na Afrika Kusini kwenye WAFCON, fainali za Afrika za wanawake, kule Morocco. Niliingia kwa sababu chai ilikuwa bado haijaisha kikombeni, ila Opa Clement alipofunga nilijikuta nimesimama. Ile sare ya 1-1 iliniuma kama kipigo. Toka siku hiyo nazitafuta mechi za wanawake, na Ligi Kuu yao ilipoanza nikaanza kwenda uwanja wa Jamhuri kuwaona kwa macho. Nimeshaenda mara sita. Bodaboda ni 2,000 kwenda, 2,000 kurudi, na 1,000 ya maji.

Anti, matatizo yalianza mwezi uliopita. Mke wangu aliona kwenye simu yangu picha niliyopiga na wachezaji watatu baada ya mechi. Akauliza hawa ni kina nani. Nikasema wachezaji. Akanijibu, "Ungekuwa unafuata mpira ungebaki na Simba yako kibandani. Huko unafuata wasichana." Nilikasirika, kwa sababu hakuna hata mmoja niliyewahi kumwomba namba ya simu. Yeye ni mtu mpole, lakini siku hizi nikitaja tu neno Jamhuri anakunja uso na kunyamaza mpaka usiku. Akipita mtoto wa jirani amevaa jezi, anacheka kicheko ambacho si chake. Ameanza kuniuliza hata mechi za kibandani zimeisha saa ngapi, jambo ambalo hakuwahi kuuliza. Mama yake naye ameshaambiwa, maana alinipigia akaniuliza kama kazi zimepungua hadi nina muda wa kwenda kukaa viwanjani mchana kweupe. Mara mbili nimeaga kwamba naenda karakana kumbe nilikuwa uwanjani.

Kijiweni nako wananiita Mzee wa Queens. Wanasema mpira wenyewe wa polepole, makipa wafupi, mtu anafungwa tisa bila, na kwamba mambo haya yameanza juzi. Wakiniuliza ninapenda nini kule, nasema tu "wanajituma". Mke wangu aliniuliza swali hilohilo, nikampa jibu hilohilo. Sina maneno mengine.

Binti yangu anataka kwenda na mimi. Mama yake amekataa. Na kuna jambo dogo ambalo linanikera peke yangu: mimi ni Simba, lakini moyo umeanza kuvutwa na Fountain Gate Princess kwa sababu ni wa hapahapa kwetu. Simba Queens wakija Dodoma nitakaa upande gani? Au niachane na haya yote nirudi kibandani, amani irudi nyumbani?

Mzee wa Queens, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu.

Niirudie barua yako kwa maneno yangu, ili nikikosea unisahihishe. Wewe ni mtu wa mpira toka utotoni, na nyumbani wanalijua hilo. Kilichobadilika ni mpira wenyewe unaoutazama na mahali unapoutazamia. Mkeo ameona mume amebadili njia bila kueleza kwa nini. Rafiki zako wameona cha kuchekea. Nawe umesimama katikati, unakijua unachokipenda ila huwezi kukitaja.

Hapo kwenye kushindwa kukitaja ningependa tukae kwa muda, maana naona ndipo kamba zote zinapokutana. Ila kwanza niruhusu nikuonyeshe kitu kwenye barua yako. Ukimya wa mkeo, kicheko chake na simu ya mama yake umeviandikia mistari mingi. Kuaga kwamba unaenda karakana kumbe uko Jamhuri umekuandikia mstari mmoja tu. Sikulaumu. Nakuomba uihesabu upya, kwa sababu kama mkeo ameshasikia kwa mtu kwamba siku ile ulionekana jukwaani, basi hoja yake kuhusu wasichana amepewa na wewe mwenyewe.

Pia una uhakika sana kwamba kinachomsumbua ni ile picha. Inawezekana ni picha. Lakini fikiria tofauti ya sehemu hizi mbili kwa macho yake. Kibandani anakujua ulipo, anawajua mliokaa nao, na akitaka kukuita anamtuma mtoto. Jamhuri hajui umekaa na nani wala unarudi saa ngapi. Halafu mechi inaanza saa 10:00 jioni, na mtu mwenye genge jioni ndiyo saa yake ya wateja. Mtoto wa miaka minne saa hiyo anashikwa na nani? Hukuandika, nami siwezi kubuni. Muulize, na umuulize kama mtu anayetaka kujua kweli.

Na fedha tuziweke mezani, kwa tarakimu zako mwenyewe. Kibandani ni 3,000 kwa wiki, yaani 12,000 kwa wiki nne. Jamhuri ni 5,000 kwa safari moja, ukiacha kiingilio siku kikiwepo. Ligi ya timu kumi, kama ilivyokuwa msimu wa 2023/24, inaipa kila timu mechi 18, na 9 kati ya hizo ni za nyumbani. Ukienda zote tisa ni 45,000 kwa msimu mzima, pungufu ya miezi minne ya kibanda. Ni hoja nzuri ya kumpelekea mkeo, lakini ina mtego: je, Jamhuri imechukua nafasi ya kibanda au imeongezeka juu yake? Kama unaenda kote, basi kwa wiki ya mechi unatoka nyumbani saa sita za kibandani na zaidi ya saa mbili nyingine za uwanjani. Anayebaki gengeni anazihesabu saa hizo hata kama hasemi.

Sasa turudi kwenye maneno. "Wanajituma" ni jibu jema lakini halimwonyeshi mtu chochote, na mahali ambapo hujaweka maneno, mwingine huweka ya kwake. Kijiweni wameweka dhihaka, mkeo ameweka shaka. Ukijua unachokitazama, utakuwa na cha kusema.

Anza na hili la makipa wafupi, kwa sababu lina ukweli ndani yake na ndiyo maana linauma. Wanawake hucheza kwa vipimo vilevile vya wanaume: dakika 90, mpira namba 5, goli la upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44. Kipa wa kiume wa ligi kubwa mara nyingi ana urefu unaokaribia sentimita 190, wakati makipa wengi wa kike wako kwenye 170 na kitu. Goli halikupunguzwa kwa ajili yao. Kwa hiyo mpira unaoshuka chini kidogo ya mtambaa panya ni kazi ngumu kwao kwa sababu ya hesabu ya urefu wa mkono, wala si uzembe. Kipa anayejua kazi yake analipia upungufu huo kwa miguu. Shuti likitarajiwa kutoka mbali anabaki karibu na mstari ili asipigwe kanzu. Mshambuliaji akibaki naye peke yake anatoka haraka kuziba pembe. Kosa la kipa mchanga ni kukaa katikati ya maamuzi hayo mawili. Safari ijayo hesabu hatua zake kutoka mstarini kila mpira unapovuka nusu ya uwanja. Baada ya dakika 20 utaanza kujua bao lipi ni kosa lake na lipi ni kosa la beki aliyeacha shuti lipigwe.

Ongeza na upepo wetu wa Dodoma. Tazama vibendera vya kona kabla ya filimbi ya kwanza. Timu inayocheza dhidi ya upepo ikipiga mpira wa juu kutoka golini, mpira unakufa katikati na kuwarudia mabeki wake. Kocha mwerevu kwenye kipindi hicho ataamuru pasi fupi za chini. Ukiona timu inaendelea kurusha mipira juu dhidi ya upepo kwa dakika 45, umepata cha kusema kijiweni ambacho hakuna aliyekaa kibandani anaweza kukupinga, kwa sababu luninga haionyeshi upepo.

Kuhusu mchezo kuwa wa polepole, tatizo lako ni mahali pa kutazama. Macho yaliyozoea mbio za mawinga wa kiume yakifuata mpira tu, yataona mbio zilizopungua. Yahamishe. Tazama umbali kati ya mabeki na viungo: ukizidi mita 20 hivi, kuna shamba katikati, na mchezaji namba 10 wa upande wa pili atalima humo. Tazama sekunde tano za kwanza baada ya timu kupoteza mpira: nani anakaba papo hapo, nani ananyoosha mikono kulalamika. Chagua mchezaji mmoja, mfuate dakika 15 bila kuujali mpira. Beki wa pembeni anafaa kuanzia, kwa sababu anapanda na kushuka na unaweza kumhesabia: amepanda mara ngapi, mara ngapi amewahi kurudi kabla ya mpira kupigwa nyuma yake. Kwa kazi hiyo kaa juu na usawa wa mstari wa katikati, upande ambao jua la saa kumi liko mgongoni kwako. Nyuma ya goli unaona magoli vizuri lakini huoni mpangilio.

Halafu hizo tisa bila. Hazifichiki, nawe usizitetee kwa aibu. Kwenye ligi yetu kuna timu inayofanya mazoezi kila siku, ina daktari, ina wachezaji wa kigeni na benchi lililojaa. Inakutana na timu ambayo baadhi ya wachezaji wametoka shule na wamelala kwenye basi. Tazama yanapoingia mabao: mara nyingi timu ndogo inashikilia kwa saa nzima, kisha mabadiliko matatu ya upande wa pili yanaingia na miguu mipya, na ukuta unaanguka. Kwa mtazamaji anayejua, mechi ya namna hiyo ina swali lake: waliofungwa wameendelea kushika mstari wao au kila mtu amekimbilia mpira? Kijiweni wakumbushe Serengeti Girls kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 huko India mwaka 2022. Mechi ya kwanza Japan iliwapiga 4-0. Mechi ya pili waliifunga Ufaransa 2-1, ya tatu wakatoka 1-1 na Canada, wakaingia robo fainali. Aliyezima luninga baada ya zile nne alikosa mafanikio ambayo timu zetu za wanaume zilikuwa hazijawahi kuyafikia kwenye Kombe la Dunia la umri wowote.

Na anayesema mambo haya yameanza juzi, mwambie habari za Uingereza. Tarehe 26 Desemba 1920, timu ya wafanyakazi wa kike wa kiwanda iitwayo Dick, Kerr Ladies ilicheza Liverpool kwenye uwanja wa Goodison Park mbele ya watu wapatao 53,000. Mwaka uliofuata, Desemba 1921, chama cha soka cha nchi hiyo kikawafungia wanawake viwanja vya klabu zake zote, na marufuku hiyo ikadumu karibu miaka 50. Mchezo ulikuwepo, watazamaji walikuwepo, ukazimwa. Miaka mia moja baadaye, Aprili 2022, watu 91,648 waliingia Camp Nou kuwaona Barcelona wanawake wakicheza na Wolfsburg. Kwetu nako, Twiga Stars walifika fainali za Afrika mara ya kwanza mwaka 2010 Afrika Kusini, na ile uliyoiona kibandani ilikuwa mara ya pili. Kati ya hizo mbili ni miaka kumi na mitano. Ukiujua urefu wa safari hiyo, maumivu yako ya ile sare yanaeleweka hata kwa mtu asiyejua kuotea ni nini.

Sina maana uende kijiweni na hotuba. Vijiwe havishindwi kwa hotuba. Nakupa haya kwa ajili ya nyumbani zaidi. Mkeo akiuliza "mnaona nini huko," mpe tukio moja tu, dogo, lililokamilika: beki wa kushoto amepanda mara kumi, mara nane amewahi kurudi, ile mara ya tisa ndiyo walifungwa. Mtu anayefuata wasichana hawezi kuzungumza hivyo. Hata hivyo usitegemee siku moja ibadilishe uso wa mtu. Yeye amebeba mwezi mzima wa shaka.

Kuhusu picha, nitasema bila kuzunguka. Baadhi ya wachezaji wa ligi hii ni mabinti chini ya miaka 20, wengine bado wanafunzi. Hukufanya ubaya kupiga picha, ila mtu mzima anayempenda mchezaji kwa kazi yake ana njia salama za kuonyesha. Picha zipigwe pale pale hadharani baada ya kumwomba kiongozi wa timu, na ikiwezekana ukiwa na familia yako. Ukitaka kuwatunza wachezaji, fedha ikabidhi kwa meneja wa timu kwa ajili ya kikosi, usimwekee binti mkononi. Namba za simu hukuomba, na ubaki hivyo hata siku mmoja wao atakapokupa mwenyewe. Jukwaani utakaa karibu na watu wanaosifia maumbo, na wengine wanaopiga kelele kwamba "huyo ni dume" kwa sababu tu binti ana misuli au sauti nzito. Hilo la pili linaumiza kuliko wanavyodhani. Maswali ya mwili wa mchezaji ni ya madaktari na faragha yake. Huwezi kuwanyamazisha wote, lakini unaweza kuhama benchi, na binti yako akiwa pembeni yako ataona baba yake amehama.

Nimefika kwa binti. Mama yake amekataa, na kabla hujalipinga katazo hilo tafuta linatokea wapi. Linaweza kuwa ni hasira kwako inayopita kwa mtoto. Linaweza pia kuwa ni hofu ya mzazi: giza la kurudi, bodaboda ya watu watatu, vyoo vya uwanjani, maneno ya jukwaani. Hofu hizo zina majibu, hasira ina dawa nyingine. Kama baadaye ataonyesha kutaka kucheza, kwa umri wake mpira unaomfaa ni namba 4, na daluga zimtoshe na kubaki nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, usimnunulie kubwa za kukulia. Jambo la kuzingatia mapema ni magoti. Wanawake huchanika ile kano ya ndani ya goti mara mbili, tatu au zaidi kuliko wanaume, na sababu zinazotajwa ni nyingi kwa pamoja: upana wa nyonga, namna ya kutua baada ya kuruka, udhaifu wa misuli ya nyuma ya paja, na viatu vilivyochongwa kwa mguu wa mwanaume. Ardhi ngumu ya kiangazi cha kwetu haisaidii. Kuna mpango wa FIFA wa kupasha misuli moto, FIFA 11+, wa dakika 20 hivi, wenye kuruka, kutua magoti yakiwa yamekunjwa bila kuangukiana ndani, na kusimama kwa mguu mmoja. Umethibitika kupunguza majeraha. Fika uwanjani saa 9:15 uone timu ipi inayafanya na ipi inapiga mashuti tu kujifurahisha. Ukienda na binti, hiyo robo tatu ya saa itamfundisha kuliko kipindi cha kwanza.

Sasa Simba Queens na Fountain Gate Princess. Umeliita jambo dogo, lakini umeliweka karibu na mwisho, mahali ambapo watu huweka kinachowauma. Simba Queens ndio walioifungulia Tanzania mlango wa Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake mwaka 2022 kule Morocco, wakamaliza wa nne. Wewe kama Simba una kila sababu ya kujivunia. Upande wa pili, Aprili 2023 wasichana wa shule ya Fountain Gate ya hapa Dodoma walitwaa ubingwa wa Afrika wa mashindano ya shule huko Durban, na huo ni mpira uliokuzwa kilomita chache kutoka karakana yako. Ukiwafuata Simba Queens peke yao utawaona hapa mjini labda mara moja au mbili kwa msimu, nyingine zote utazisikia au kuziona kwa luninga. Ukiwafuata wa nyumbani unapata hadi mechi tisa za kuona kwa macho, lakini siku Simba wakija utasikia moyo ukigawanyika, na kijiwe kitakusubiri. Wapo mashabiki wanaoishi na timu mbili bila kuumia. Wapo wanaoona utani wa jadi wa Simba na Yanga hauna sababu ya kuhamia huku kwa uzito uleule. Wapo pia ambao bila utani huo mpira hauna chumvi. Nafsi yako utaijua siku hiyo bao la kwanza litakapoingia: tazama mikono yako imefanya nini kabla hujafikiri.

Umeuliza kama uache yote. Inawezekana, na kuna watu wameacha makubwa kuliko haya kwa ajili ya nyumba zao. Hatari yake ni kwamba ukiacha sasa, kabla ya kueleza, mkeo atasoma kuacha kwako kama kukiri. Na wewe utarudi kibandani ukiwa na kinyongo ambacho hakina jina. Unaweza pia kupumzika mechi mbili tatu huku mkizungumza, ukimwambia wazi kwamba unapumzika na sababu yake ni nini. Huko nako kuna hatari ya kupumzika kimyakimya akadhani umechoshwa na mmoja wa wale wasichana.

Kumwambia kuhusu zile siku mbili za karakana kutaleta moto, sikufichi. Ila moto anaouleta mwenyewe muungamaji ni tofauti na ule unaoletwa na jirani. Ukichagua kusema, usiseme siku ya mechi wala usiku akiwa amechoka na genge, na usiambatanishe ombi lolote. Kumwambia "nilidanganya, sasa Jumamosi twende wote" kunageuza ungamo kuwa biashara.

Kumwalika kunaweza kuja baadaye, au kusije kabisa. Akikubali, usichague mechi ya timu ya juu na ya mkiani, maana tisa bila itamchosha yeye na binti. Tafuta mbili zinazokaribiana kwenye msimamo. Hakikisha ratiba asubuhi ya siku yenyewe, kwa sababu mechi hugeuka kiporo au kuhamishiwa uwanja mwingine, na kumfikisha mtu getini kukiwa kumefungwa kutaharibu kila kitu. Msiende kwa bodaboda mkiwa wanne, chukueni bajaji. Kaeni jukwaa lenye kivuli na bebeni masweta, jua likizama upepo wa uwanjani ni mkali. Anaweza kukaa dakika 90 bila kusema neno. Anaweza kuona wachezaji ni watoto wa rika la wadogo zake, wenye jasho na magoti yaliyochubuka, na akalainika. Anaweza pia kuona jinsi unavyowatazama na bado asiridhike. Nikikuahidi lipi litatokea nitakuwa nakudanganya.

Na akisema hapana, lakini mkakubaliana wewe uende, mwachie ratiba ya mwezi imeandikwa kwenye karatasi, gengeni, pale anapoiona. Mechi ya saa 10:00 humalizika karibu saa 11:50, ukiweka mapumziko na dakika za nyongeza. Usibaki kupiga soga getini. Saa 12:30 uwe umeshafika Nkuhungu, umempokea mtoto mdogo, kabla wateja wa mboga za usiku hawajaisha.